Karatasi Ilivuka, Mwenyewe Akabaki

Ndugu zangu wa Rusimbi, na ninyi wa Mwanga, Kibirizi na Ujiji ambao maandishi haya yatawafikia, nipeni masikio. Najua wapo watakaosema Mama Frida ameanza tena, yule fundi cherehani ambaye mdomo wake unakwenda kuliko sindano. Semeni tu, nimezoea. Haya mengine niliyaona kwa macho yangu nikiwa barazani, na moja nililifanya mimi mwenyewe, ndiyo maana siwezi kulinyamazia.

Mwezi wa saba mwaka 1996, nyumba ya jirani yangu Selestini ilikuwa na raha hata ukiitazama kwa mbali. Selestini aliuza dagaa Kibirizi. Alivuka kutoka mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, akiwa kijana, akaoa hapa Kigoma, akapata na uraia wake. Mkewe, Dainess, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume kwa shida kubwa, na daktari alimkataza kuinua kitu kizito kwa miezi kadhaa. Basi Selestini akamwita Mariana, mdogo wake wa mwisho, aje amsaidie wifi yake.

Mariana alikuja. Kule Baraka alimwacha mumewe, Elikana, fundi wa kuunda mitumbwi, pamoja na binti yao Agnesi wa miaka sita. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kicheko cha kushtukiza, na mikono isiyojua kukaa. Asubuhi nikifungua cherehani yangu namwona uani, mtoto mgongoni, sombe, yaani kisamvu chao, jikoni, maji ya moto ya kumkanda mama mzazi yanachemka pembeni. Dainess anakaa mkekani anakula kama malkia. Harufu ya mawese ilikuwa inanifikia mpaka barazani, nami sikuwa na haya ya kwenda na sahani yangu.

Sasa sikilizeni mambo ya karatasi, maana hapa ndipo balaa lilipoanzia. Mariana alipofika bandarini aliandikiwa karatasi ya mgeni, ya miezi miwili. Haikuwa na picha. Ilikuwa na jina, anakotoka, mwenyeji wake na mhuri, basi. Na utaratibu haukuwa mgumu: ukitaka kukaa zaidi unakwenda mwenyewe ofisi ya uhamiaji kabla siku hazijaisha, wewe na mwenyeji wako, mnaeleza sababu, unaongezewa siku. Mama mzazi mgonjwa ni sababu ya kutosha kwa mtu yeyote mwenye mama.

Mwishoni mwa mwezi wa nane nilimsikia Mariana akimwambia kaka yake pale uani.

"Yaya," alisema, maana ng'ambo ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa, "siku zangu ziko zinaisha. Twende ofisini nijisemee."

Selestini alikuwa anapiga mswaki. Akatema povu. "Ujisemee nini? Wewe hapa ni mgeni wa nani?"

"Karatasi inasema mie ni mgeni."

"Karatasi haijui ukoo. Babu zetu walikuwa wanavuka ziwa hili kwenda kula harusi, wanarudi wakishashiba, hakuna aliyewahesabia siku. Leo dada yangu asimame kwenye foleni aulizwe utatoka lini nyumbani kwa kaka yako? Watu watanionaje?"

"Watakuona umemleta dada yako kwa sheria."

"Mariana, nimesema."

Akisema "nimesema" huwa kasema. Kwa desturi ya kwao mdogo hamjibu kaka mara ya tatu, na Mariana alikuwa mtu wa desturi. Lakini mimi nitawaambia jambo ambalo Selestini hakulisema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na yeye alikuwa amempa. Mariana alikuwa ndiye anayesimamia uanikaji wa dagaa Kibirizi kuanzia saa nne, akishamaliza kazi za nyumbani. Kushinda ofisini siku nzima ni dagaa kukosa mtu. Heshima ya ukoo ilikuwepo, sikatai, ila uvivu na tamaa vilikuwa vimejificha nyuma yake.

Palikuwa na mtu anaitwa Gervasi, msimamizi wa abiria kwenye boti moja ya mbao iliyokuwa ikienda Baraka na kurudi. Huyu alikuwa na ujanja wake. Siku za mgeni zikikaribia kwisha, karatasi anakabidhiwa yeye, naye anampa mwanamke mwingine mfanyabiashara. Abiria wanapoitwa majina, yule mwanamke anaitikia mara mbili: mara ya kwanza kwa jina lake, na baadaye, akiwa amebadilisha kitenge kichwani, kwa jina la yule aliyebaki nyumbani. Kwenye daftari la bandarini inaandikwa kwamba fulani ametoka. Baada ya wiki boti inarudi, fulani ameingia, anapewa miezi miwili mipya. Mwenye jina hata mguu hajaloweka majini.

Jina la Mariana liliitikiwa na Regina, muuza vitenge. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa karatasi ilirudi na mihuri yake mipya inang'aa. Selestini aliipepea hewani mbele ya baraza langu.

"Mama Frida, umeona? Dada yangu amesafiri usingizini!"

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Ndiyo, nilicheka. Mariana hakucheka. Alichukua karatasi ile, akaisoma polepole, akasema, "Hapa wameandika nimekwenda kwetu. Kama nimekwenda, mbona sijamwona Agnesi?" Tukamwambia aache mambo ya kitoto.

Mwezi wa kumi, wiki ya tatu, karatasi ikaondoka tena na Regina. Mara hii ilikuwa bado ina siku kumi, lakini Gervasi alisema ni vizuri kuwahi. Dainess alikuwa amepona, anaweza kuchota maji mwenyewe. Mariana alikwisha kufunga mzigo wake mara mbili ili arudi kwake, na mara zote mbili Selestini alimwambia, "Subiri msimu wa dagaa upite." Basi karatasi ikavuka, mwenyewe akabaki.

Boti ile haikurudi.

Nyote mnakumbuka wiki zile. Vita viliingia Uvira, vikateremka kusini kando ya ziwa hadi Baraka na Fizi. Watu wakaanza kufika kwetu kwa mitumbwi na maboti, wengine wamevaa kiatu kimoja, wengine wamebeba kuku na wameacha watoto, maana mtu akikimbia hajui alichoshika. Walipokelewa, wakaandikwa, wakakusanywa pamoja kungojea magari ya kuwapeleka kambini. Hawakuruhusiwa kutembea mjini ovyo, kwa kuwa walikuwa wengi na hakuna aliyejua nani ni nani.

Mariana alitaka kukimbilia ufukweni siku ya kwanza. Selestini akamshika mkono mlangoni.

"Unakwenda wapi? Unajua karatasi yako iko wapi?"

"Kwa Regina."

"Na Regina yuko wapi? Hajulikani. Daftari linasema umeondoka Tanzania. Ukikamatwa hapa, wewe si mgeni, si mkimbizi, si raia. Utaulizwa umeingiaje, na hilo swali litaishia kwangu na kwa Gervasi."

"Yaya, mtoto wangu atakuja."

"Nitakwenda kumtazama mimi. Wewe kaa ndani. Hata kuanika usitoke."

Alikwenda kweli, siku mbili. Siku ya tatu aliona mtu wa ofisini anayemjua, akageuza njia, na tangu siku hiyo hakurudi tena kutazama. Nyumbani alisema, "Hawamo." Mariana alikuwa anakaa chumba cha nyuma, dirisha limefungwa, anambembeleza mtoto wa wifi yake. Nilimpelekea chai siku moja. Alinishika kanga yangu akaniuliza kama nimewaona watu wa Baraka, na kama kuna mtoto mwenye kovu kidevuni. Nilimwambia ajipe moyo. Maneno ya bure kabisa, ndugu zangu, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Sasa nafika pabaya.

Ilikuwa Jumanne, saa tano za asubuhi, jua kali. Mtu mmoja alisimama mbele ya nyumba ya Selestini akiwa na faili kwapani. Alikuwa Mwalimu Pastory, mstaafu, ambaye, nilikuja kujua baadaye, alijitolea kuwasaidia wakimbizi kutafuta jamaa zao. Lakini Selestini hakumjua. Aliona shati jeupe, faili na kalamu, akakauka mlangoni.

"Hodi hapa. Ni kwa Selestini?"

"Ni kwangu."

"Namtafuta mwanamke anaitwa Mariana, wa Baraka. Nimeambiwa ni dada yako. Yupo, maana..."

"Mariana alisharudi kwao," Selestini alimkata. "Mwezi uliopita, kwa boti. Katazame daftari."

Mwalimu akafungua faili lake. "Hata daftari linasema hivyo hivyo. Nilitaka tu kuhakikisha kwa ndugu yake. Basi ndivyo?"

"Ndivyo."

Yule mzee akasimama kidogo, kama mtu asiyeridhika. Akageuka akaniona nimeinamia cherehani yangu. "Mama, shida kidogo. Ni kweli huyo Mariana amerudi kwao?"

Nikamtazama Selestini. Jirani yangu kwa miaka kumi na moja, aliyenibebea jeneza la mume wangu. Macho yake yalikuwa yananiomba.

Nikasema, "Ndiyo, mwalimu."

Akaandika. Akashukuru. Akaondoka zake na jua lile.

Katika chumba cha nyuma Mariana alikuwa amesikia jina lake likitajwa. Kaka yake alikwisha kumwonya: ukisikia unatajwa, usipumue. Naye hakupumua. Hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyeuliza neno moja jepesi: anatafutwa na nani?

Ijumaa yake Marcelina, kiongozi wetu wa jumuiya, alikuja kwangu kuchukua nguo nilizokuwa nashonea watoto wa wakimbizi. Alikuwa na kipimo kimoja zaidi.

"Nishonee gauni la msichana wa miaka sita. Maskini, amebaki peke yake. Baba yake alifika naye salama kabisa, wamekaa wiki nzima. Alikuwa anasema mke wake yuko hapa Kigoma, alikuja kumuuguza wifi yake. Wakatazama daftari, wakaona ameondoka. Akaomba waende kumuuliza shemeji yake. Wakaenda. Shemeji naye akasema ameondoka."

Mkono wangu ulisimama kwenye gurudumu la cherehani. "Kisha?"

"Kisha yule bwana akasema: basi tumepishana ziwani, mke wangu yuko Baraka ananitafuta mimi kwenye vita. Akamwacha mtoto kwa akina mama, akaingia kwenye mtumbwi unaorudi kuchukua watu. Tangu juzi. Anaitwa Elikana. Mtoto ni Agnesi, ana kovu hapa." Akagusa kidevu chake.

Sijui nilivukaje njia. Nilimkuta Mariana amekaa kitandani, mtoto amelala mapajani. Nikamwambia yote, na la kwangu pia nikamwambia. Hakupiga kelele. Alimlaza mtoto taratibu, akamfunika, akasimama, akatoka nje kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Selestini alikuwa anaingia kutoka Kibirizi.

"Mariana, rudi ndani!"

"Yaya, wewe umesema mara nyingi," alimjibu. "Leo nasema mie."

Alikwenda kwa miguu mpaka ofisini, jua la saa nane, bila viatu, nami nyuma yake. Tulipokelewa na afisa mmoja mtu mzima mwenye miwani. Mariana akataja jina lake. Yule mzee akafungua daftari, akafuata mistari kwa kidole.

"Huyu ameondoka."

"Hajaondoka. Ni mie. Nilikuwa Rusimbi."

Alivua miwani. Mariana akamweleza kuanzia mwezi wa nane, hakuficha kitu. Alipomaliza, mzee yule akauliza, "Kwa nini hukuja mwenyewe? Umekuja kumuuguza mzazi. Ningekuandikia siku nyingine hapa hapa, chai yangu haijapoa."

Mariana akalia. Nadhani lile jibu lilimuumiza kuliko kama angetukanwa.

Walituma ujumbe ufukweni. Walimtafuta mwenye mtumbwi. Aliporudi alisema alimteremsha Elikana kusini ya Baraka pamoja na watu wengine wawili, wakapanda kilimani milio ya bunduki ikisikika, naye alimngojea mpaka saa ya kurudi, Elikana hakutokea. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mariana aliandikwa mkimbizi na kupelekwa kambi ya Nyarugusu pamoja na Agnesi. Gervasi alitoroka, sijui hata sasa yuko wapi. Selestini alishtakiwa, akafungwa miezi sita. Dainess alibaki na mtoto mchanga na magunia ya dagaa yaliyoingiwa na wadudu. Regina tulisikia baadaye kwamba yuko hai, Kalemie, na karatasi ya Mariana aliitupa ziwani siku ya kwanza ya vita kwa kuogopa kukutwa na majina mawili.

Selestini alipotoka gerezani alitaka kumwona dada yake. Kuingia kambini kuna kibali chake, nacho kina siku na saa. Alipanga foleni siku mbili. Alipewa siku moja, saa nne mpaka saa tisa. Aliniomba nimsindikize, kwa sababu aliogopa kwenda peke yake.

Mariana alitupokea mbele ya kibanda chake. Alitupatia maji, akatupatia kigoda. Alikuwa amekonda zaidi na kicheko chake sikukisikia. Selestini alipiga magoti mbele ya mdogo wake, jambo ambalo kwa desturi yao halifanyiki.

"Nisamehe, Mariana."

"Inuka, Yaya. Mie sikukatai, wewe ni damu yangu. Ila kuna kitu nimeshindwa." Akamwita binti yake. Agnesi akaja amevaa lile gauni nililomshonea, limekwisha kuwa fupi. "Huyu kila siku ananiuliza nani alimwambia baba yake kwamba mama hayupo. Mie sina mdomo wa kumjibu. Mjibu wewe."

Mtoto akamtazama mjomba wake. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka kujua tu.

"Ni mimi, mwanangu," Selestini alisema.

"Ulikuwa hujui kama baba anamtafuta?"

"Sikuuliza."

Agnesi akafikiri kidogo. Kisha akauliza, "Sasa nani atakwenda kumwambia kwamba mama yupo?"

Selestini alifunika uso wake kwa mikono miwili. Tulikaa hapo mpaka saa tisa, muda wetu ukaisha, tukaondoka.

FUNZO KWETU SOTE

Ndugu zangu, wengi wetu tuna ndugu ng'ambo ya ziwa. Ukarimu ni sifa yetu na tusiuache. Lakini kumkaribisha mgeni hakuishii kwenye ugali na mkeka. Siku alizoandikiwa ni zake, na karatasi yake ni mdomo wake pale ambapo yeye hayupo. Ukiifundisha kusema uongo, siku ya shida itasema uongo ule ule, tena itaaminiwa. Siku za mgeni wako zikikaribia kuisha, mshike mkono mwende wote mkaombe nyingine. Akinyimwa, msindikize kwao na zawadi. Hakuna aibu yoyote katika foleni.

Kwa ninyi mlio wakubwa katika familia, ukubwa haukufanyi ujue kila kitu. Mdogo wako akikuambia anaogopa, kaa umsikilize. Wala msimgeuze mgeni mtumishi, mkamwongezea siku kwa sababu kazi zenu bado hazijaisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha mtu naye huumbuka, ila mara nyingi anayelipa ni mwingine kabisa.

Na kwetu majirani. Selestini alifungwa akatoka. Gervasi akikamatwa naye atafungwa. Mimi hakuna aliyenifunga, maana sheria haina kifungo cha mwanamke aliyeulizwa swali moja barazani kwake akasema ndiyo. Ninaandika haya mwaka 1999, na Elikana hajaonekana.